Mti wa Dhahabu Mbele ya Nyumba

Siku niliporudi nyumbani kwetu Koboko, mwanangu, naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Nilishuka kwenye lori kutoka Arua nikiwa na furushi la nguo na mche mmoja ndani ya mkebe wa samli. Mume alikuwa ameniacha kwa kuwa sikuzaa. Mche ule wa mti wa mapambo, wenye majani ya rangi ya dhahabu, niliuotesha mwenyewe kwake kwa kipande cha tawi. Sikuona sababu ya kumwachia.

Niliupanda nyuma ya jiko, kivulini, mahali ambapo mgeni hafiki. Nami nikakaa huko huko. Wageni wakija, mimi napika. Kukiwa na harusi kwa jirani, mimi kichwa kinauma. Taratibu majani yale yakapoteza rangi, yakawa ya kijani kama ya mti wowote wa porini.

Bibi yangu mzaa baba, tuliyemwita Haboba kama Wanubi tunavyowaita bibi zetu, alikuwa na maneno machache, na hayo machache yalichoma. Asubuhi moja alinikuta nikimwagilia.

"Dhahabu yako iko wapi?"

"Imekwisha, Haboba. Udongo ya hapa ni mbaya."

"Udongo iko sawa. Mti hii inataka jua, wewe umeficha. Na wewe pia umejificha. Umeiba kitu ya mutu?"

"Hapana."

"Basi leta jembe."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tuliung'oa pamoja na udongo wake, tukaupanda mbele ya nyumba, kando ya njia ya Midia. Wapita njia wote waliniona, mwanamke aliyeachwa, mikono imejaa tope. Wengine walinong'ona. Sikuinua macho.

Majani yote yakaanguka. Kaka yangu akasema tupande muhogo pale. Haboba akakwaruza gome kwa ukucha, akamwonyesha ubichi chini yake. "Iko hai. Ngoja."

Nikangoja. Nilifunika shina kwa nyasi kavu, nikamwagilia kila jioni. Na kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa njiani, nilijifunza kuitikia salamu. Baadaye nikawa natangulia mimi kusalimu.

Mvua zilipokuja, mti ukachipua, ukawaka wote kwa majani ya dhahabu. Mwanamke mmoja wa Abuku, aliyekuwa akipeleka karanga sokoni, akatua mzigo wake. "Dada, nipe tawi moja." Nikampa, nikamfundisha kuliotesha. Ndiye aliyekuwa wa kwanza.

Leo nasema kwa kinywa kipana: toka Koboko mpaka Dadamu kule Arua, utauona mti huu penye nyumba, misikiti na makanisa, na mingi ni kazi ya mikono hii. Watu wakanipa jina, Mama Dhahabu. Ndiyo, Mama, mimi niliyefukuzwa kwa kutozaa! Haboba aliwahi kulisikia kabla hajafa. Alicheka mpaka akashika ubavu.

Wanasema chema chajiuza. Kweli, lakini hakijiuzi kikiwa kimefungiwa. Kwa hiyo, mwanangu, wakikurudisha nyumbani, ingia kwa mlango wa mbele. Aibu ya aliyekudhulumu si mzigo wako, usimbebee. Kazi unayoipenda ifanye watu wakiona, hata mwanzo wake ukiwa mbaya.

Mungu aunyooshe mgongo wako, aibariki mikono yako, na jina lako litajwe kwa heri hata mahali ambapo mguu wako haujakanyaga. Amina.