Kikohozi Kabla ya Gitaa

Rekodi niliyoipenda kuliko zote niliiharibu mimi mwenyewe, tena kwa mikono safi. Kabla ya kushika kanda nilikuwa nanawa kwa sabuni mara mbili, nakausha vidole kimoja kimoja, kisha navinusa kama vimebaki na harufu ya migebuka, samaki wa ziwani. Vikibaki, narudia. Shangazi alikuwa akiniuliza kama naenda kupasua mtu.

Niliishi chumba cha nyuma cha nyumba yake, mtaa wa Buzebazeba, mjini. Nilivuka mpaka kutoka kwetu Rumonge kwa mtumbwi wa wavuvi, miaka ile ya vita ambayo watu walikuwa wanavuka kila siku. Mkimbizi alitakiwa akae kambini, na akitaka kuja mjini aje na kibali. Mimi kambini sikuwahi kufika. Shangazi, aliyeolewa huku kabla sijazaliwa, alinipokea ufukweni akanipeleka moja kwa moja kwake. "Kambini utakufa na mawazo," alisema. Basi nikakaa na mawazo yale yale, ila kwa shangazi.

Mchana sikutoka. Barabara ya mbele ilikuwa njia ya kwenda sokoni, na mgambo walipita wakiuliza watu vibali. Lafudhi yangu ingenitaja kabla sijamaliza salamu. Shangazi aliuza kanda kibarazani, nami nilikaa nyuma ya pazia na redio ya deki mbili nikiwarekodia wateja. Pazia lilikuwa la kitenge chenye jogoo. Nilimjua yule jogoo kuliko nilivyolijua ziwa, ingawa ziwa lilikuwa mwendo wa nusu saa tu kwa miguu.

Kazi ile hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kuharibu: kusafisha kichwa cha redio kwa spiriti na pamba iliyozungushiwa njiti ya kiberiti, kurudisha utepe kwa kalamu, kujua kwa sikio kwamba mkanda wa ndani umelegea. Nikisikia mkwaruzo mdogo narudia upande mzima. Kuna kanda ya mteja mmoja wa Kalinzi niliirudia mara tisa. Alipokuja akaisikiliza nusu dakika, akasema "poa", akaondoka. Siku mbili sikula vizuri. Nilitaka aone nilichokifanya.

Tulichokiita jazi kilikuwa bendi yoyote yenye magitaa, tarumbeta na watu wazima waliovaa suti kwenye joto. Kanda za studio zilikuwapo, nazo zilikuwa safi, lakini hazikunikalia moyoni. Nilipenda zilizorekodiwa ukumbini, watu wakiwa mle mle wanacheza. Moja ilirekodiwa baa fulani ya Dar es Salaam. Katikati ya wimbo wa tatu chupa inaanguka inapasuka, na mpiga ngoma, bila kukosa pigo, anaijibu kwa sahani ya ngoma zake, pwaa! Watu wanacheka, mpiga gitaa anacheka hadi vidole vinachelewa kidogo. Nyingine ilirekodiwa chini ya bati wakati wa mvua. Mvua inazidi, bendi inaongeza sauti, mvua inaongeza, hadi mwisho tarumbeta inapanda juu ya vyote na kukaa huko peke yake. Nilipofungiwa mle ndani nilifumba macho nikawa napanga watu: huyu kasimama karibu na spika, yule kakaa kwenye kona, mlango uko kushoto kwa sababu upepo unaingia kutoka huko. Nilikuwa na kumbi nzima za watu waliotoka nyumbani kwao bila kuogopa.

Ningekuwa na akili ningejua pale pale kwamba chupa na mvua ndivyo nilivyokuwa navipenda. Lakini mtu anaweza kupenda kitu na asijue anapenda nini.

Ile ya tatu ililetwa na mama mmoja kutoka kambini. Alikuwa Mkongomani wa Uvira, na kibali chake kilikuwa cha siku moja. Nilimsikia tu kupitia pazia.

"Dada, kanda hii imechoka. Redio inaikula. Unaweza kunifanyia ingine?"

"Tunaweza sana," shangazi akasema. "Fundi wangu hana mfano."

Sikujua bado kwamba mwimbaji wa kanda ile alikuwa mume wake, na kwamba hajamwona tangu siku walipopotezana njiani wakikimbia. Hilo hakulisema. Nilichojua ni kwamba nimewekewa mbele yangu gitaa ambalo sijawahi kulisikia. Lilikuwa linacheza nyuma kidogo ya ngoma, kama mtu anayetembea bila haraka huku mwenzake anamvuta mkono. Siku tatu nililisikiliza kabla ya kuanza kurekodi.

Tatizo lilikuwa maneno. Kabla ya kila wimbo mwimbaji alikuwa anakohoa mara moja, kikohozi kifupi, halafu anawataja watu. Huo ndio utaratibu wa kumbi zote ng'ambo ile ya ziwa. Aliyetuza bendi anatajwa, aliyetoka safari anatajwa, fundi baiskeli aliyekaa meza ya mbele anatajwa pamoja na mtaa wake. Dakika mbili nzima za majina, viti vinaburuzwa, mtu anapiga mluzi. Mimi nikaona ni uchafu. Nikaona muziki mzuri namna ile umefunikwa na takataka, na kwamba mimi, fundi asiye na mfano, nitausafisha.

Nikasafisha. Kila alipoanza kusema nilibonyeza kitufe cha kusimamisha, gitaa likianza naachia. Wimbo ukafuata wimbo. Mahali pamoja tu palinishinda. Wimbo wa nne unaisha kwa uzi mmoja wa gitaa unaolia muda mrefu, na yeye alikohoa kabla uzi haujanyamaza. Kukitoa kikohozi ni kukata uzi. Nilijaribu mara nne, nikakiacha kwa hasira. Kilinikera kama punje ya mchanga kwenye ugali.

Halafu nikafanya lililo baya zaidi. Kwetu mteja aliacha kanda yake mbovu na kuondoka na nzuri, na ile mbovu, kama utepe bado unafaa, tuliirekodi tena. Kanda ya yule mama ilikuwa imevunjwa vijino viwili vya juu, vile vinavyovunjwa ili mtu asirekodi juu yake. Mtu alikuwa amevivunja kwa makusudi. Nikakunja karatasi, nikaziba matundu, nikarekodi kwaya ya kanisa kwa ajili ya mteja wa Simbo. Karatasi niliikata vizuri, pembe sawasawa.

Kanda mpya shangazi alimtumia mama kambini kwa lori; yeye mwenyewe alirudi baada ya wiki kadhaa, alipopata kibali kingine. Ilikuwa saa nane mchana.

"Dada, kanda ni safi," alisema. "Lakini bwana yangu eko wapi?"

"Bwana yako?" Shangazi akacheka. "Mama, hapa tunauza kanda, waume wanauzwa duka la mwingine."

"Eko mwa kanda. Ni yeye mwimbaji. Kuimba anaimba, lakini hasemi tena. Alikuwa anasema na mimi."

Shangazi akawa mfanyabiashara. "Si ulisema mwenyewe redio inaikula? Labda ilikula hapo."

Nilikuwa nimesimama uso kwa uso na jogoo wa pazia. Ningeweza kubaki pale. Nakiri nilihesabu: akiondoka sasa, atapanda lori, ataamini redio yake, nami hakuna atakayenijua. Nilihesabu hivyo huku vidole vyangu vimeshika kitambaa. Halafu nikatoka. Sijui kama ni ujasiri. Nadhani sikuweza kuvumilia kwamba kazi yangu isemwe imeliwa na redio.

Mwanga wa kibarazani uliniumiza macho.

"Shikamoo mama. Ni mimi niliyetoa maneno. Nilidhani ni uchafu."

"We mtoto, umerogwa?" shangazi akasema kwa sauti ya chini, akitazama barabarani. "Rudi ndani!"

Mama alinitazama. Alikuwa mwembamba, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa mbele, kanda ameishika kwa mikono miwili. "Uchafu," alisema.

"Ndiyo mama."

"Na ile yangu ya zamani?"

"Iko Simbo. Nimerekodi kwaya juu yake."

Alikaa kwenye benchi. "Kumbe bwana yangu ameokoka," alisema. Shangazi akataka kucheka, akaona uso wake, akaacha.

Kisha mama akaeleza, akimwambia shangazi wala si mimi. Yeye alikuwa anauza sambusa mlangoni mwa ukumbi. Hakuwahi kuingia ndani, sufuria angemwachia nani? Basi kila Jumamosi, kabla ya wimbo wa tano, mume wake alikuwa anamtaja yeye, baada ya wakubwa wote. Vijino vya kanda alivivunja mume mwenyewe kwa kisu cha mezani.

Kabla ya wimbo wa tano. Pale pale kilipobaki kikohozi kilichonishinda. "Mama, kuna kitu kimebaki," nikasema. "Kidogo sana."

Nikaleta redio kibarazani, nikaitafuta sehemu ile. Wimbo wa nne ukaisha, uzi ukalia, ukalia, na juu yake kikohozi. Mara gitaa.

Mama aliinua uso. "Rudisha."

Nikarudisha. Uzi, kikohozi, gitaa. Akafungua mdomo kusema kitu, lakini gitaa lilikuwa limeshaingia, likamkata. Nilikuwa nimeunganisha vizuri mno, hapakuwa hata na nafasi ya kuvuta pumzi.

"Rudisha. Kisha usimamishe hapo. Hapo anapokohoa."

Mgambo wawili walikuwa wanakuja kutoka upande wa sokoni, bado mbali. Shangazi aliwaona, akasogea mbele yangu, akakunjua khanga yake kama anayejifunga upya, akabaki ameishikilia hivyo. Nikarudisha. Uzi ukalia. Kikohozi. Nikabonyeza, kwa kidole kile kile.

Mama akasema taratibu, kwa sauti nzito kidogo isiyo yake: "Na yule aliyesimama mlangoni na sufuria, asiondoke. Hii inayokuja ni yake. Mpisheni asikie."

Sikujua kama amemaliza. Nilibaki nimekunja mgongo nyuma ya khanga ya shangazi, kidole juu ya kitufe, nikingoja aniambie niachie.