Sebule ya Mistari Mia Nne na Themanini

Saa nane mchana, Jumamosi. Mama Vidoti anainuka kitini kwa mara ya saba, anaitazama taa ya ukutani, anakaa, anainuka tena. Chai aliyojimiminia imeshapoa. Juu ya meza ya cherehani, kompyuta kuukuu yenye kisogo kikubwa inachora picha mstari kwa mstari, kuanzia juu. Imefika mstari wa 349 kati ya 480.

"Umeme ukikatika sasa hivi nalia," anasema. "Sitanii. Nalia kweli."

Siku za kazi, mama huyu wa miaka 46 huchapa barua na kutoa fotokopi katika duka la vifaa vya ofisi. Mashine hii ilitoka huko huko. Tajiri wake alitaka kuitupa, naye akaikokota hadi nyumbani kwa toroli, majirani wakimcheka njia nzima.

Tangu hapo hutengeneza picha za kompyuta za mtindo wa zamani: matufe yanayong'aa, sakafu za vigae vyeusi na vyeupe, rangi kumi na sita basi. Hashiki brashi. Huandika tarakimu tu: taa iwe hapa, meza pale, jicho la mtazamaji lisimame hapa. Kisha mashine hupiga hesabu zake, saa kumi na moja kwa picha moja.

Kukosea nako kupo.

"Wiki iliyopita nililiweka jicho ndani ya tufe la taa bila kujua. Nikasubiri kutwa nzima, nikapata nini? Giza! Nyeusi tii, juu mpaka chini."

Aliirusha picha hiyo mtandaoni hivyo hivyo. Wapenzi wenzake zaidi ya mia tatu wa picha hizi walicheka mpaka basi, maana kila mmoja wao amewahi kujifungia ndani ya tufe.

"Simu yangu inatoa picha kufumba na kufumbua," anadakia wifi yake, akipita na beseni la nguo. "Huyu anailinda mashine utadhani kabandika maziwa jikoni."

Leo utani haumwingii. Nyuma ya pazia amepumzika mama yake mzazi, fundi cherehani mstaafu wa miaka 71. Presha ya macho ilishalichukua jicho la kushoto. La kulia, daktari amesema, lisitegemewe kuvuka mwaka.

Kwa bibi huyo, picha za simu ni ukungu mtupu. Lakini siku moja alipita mbele ya kompyuta hii akasimama ghafla. "Hilo duara jekundu," akasema, "naliona."

Rangi chache, kingo kali: hivyo ndivyo vinavyolifikia jicho lake. Ndipo binti akaanza kuichora sebule ya nyumba yao ya zamani, iliyobomolewa kupisha barabara. Hawana hata picha moja ya nyumba hiyo.

"Wa mtandaoni wakinisifu nafurahi, nisiwe mwongo. Ila ninayetaka aione hii ni mmoja. Na siku zinanikimbia."

Saa tisa na nusu taa inapepesa. Mama Vidoti anashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Umeme unatulia. Mashine inaendelea.

Saa kumi na moja jioni mstari wa mwisho unakamilika. Anamshika mama yake mkono, anamsogeza mpaka pua inakaribia kugusa kioo. Bibi anageuza kichwa taratibu, akitafuta. Hata wifi ameweka beseni chini.

"Kabati langu," anasema. "Na kiti cha baba yenu."

Machozi yanamtoka, anayafuta haraka yasimzibie. Kisha anakunja uso.

"Mlango wa jikoni umeufunga kwa nini, mwanangu?"

"Kuufunga ni rahisi, mama. Nyuma yake sijaweka kitu."

"Mimi sikuufunga hata siku moja. Ningewasikiaje mkilia?"

Mama Vidoti anavuta kiti, anamkalisha mama yake, anasogeza kibodi. Jumamosi ijayo, anaapa, mlango utakuwa wazi na jikoni kutaonekana.

"Haya, niambie. Kulikuwa na nini?"

Bibi anaanza kutaja: ndoo ya bluu mkono wa kulia, dirisha dogo, rafu mbili, sufuria kubwa kwenye ile ya juu. Vidole vya binti havimfikii kwa kasi.

"Polepole basi, mama."

"Wewe andika," bibi anasema, jicho halibanduki kwenye kioo. "Polepole siwezi."