Katani Niliyoitoa Sufuriani Mapema

Siku ile uani kwetu Kangundo tulikuwa wanne: mimi niliye kifungua mimba, mdogo wangu wa kike, aliyekuja likizo kutoka chuo kikuu cha ng'ambo, kitinda mimba wetu, aliyefanya kazi kiwandani Athi River, na shangazi, dada yake marehemu baba. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Mimi nilikuwa nachemsha katani ya kusukia viondo, kwa rangi ya zambarau.

Shangazi akamwuliza mdogo wangu anasoma nini hasa huko.

"Tunapiga chembe za kemikali kwa leza, mwanga mkali sana, shangazi. Kipande kinang'oka, inabaki kaboni imepungukiwa elektroni. Hiyo haikai. Inashika chochote kilicho karibu na kuisha hata kabla hujapepesa jicho. Sasa sisi tunaiwahi. Tunaipiga mwanga wa pili, inapata nguvu, inatoa mwanga wake, na mashine inausoma."

"Imepungukiwa, inashika chochote?" akasema kitinda mimba. "Si hiyo ni dada mkubwa siku ya soko, hana pesa, anashika kila mteja!"

Walicheka mpaka shangazi akajifuta macho. Nami nikacheka, huku nakoroga.

Mdogo wangu akaja akachungulia sufuria. "Hata rangi hii ni jamaa ya zile zetu, dada. Hapa kaboni iliyopungukiwa imezungukwa na wenzake wanaoituliza, ndiyo maana inadumu. Lakini mwanga ukizidi, inaharibika."

"Najua. Ndiyo maana naanika kivulini."

"Kumbe!" akasema, akafurahi kweli, kama mwalimu aliyejibiwa vizuri.

Shangazi akamshika mkono. "Huyu ndiye ameinua jina la ndugu yangu."

Hakunitazama. Mimi niliacha shule kidato cha pili, wiki tuliyomzika mama, baba akiwa ametangulia. Daftari langu la kemia lilibaki na kurasa tupu zaidi ya nusu. Mdogo wangu alipofika kidato cha kwanza nilimpa, akaendelea pale nilipoachia. Nilimpa kwa moyo mmoja. Lakini siku ile, karibu na moto, nilizitaka kurasa zangu.

Kabla hajarudi aliniomba kiondo cha mistari ya zambarau, akitundike ofisini kwao chuoni, karibu na dirisha. Katani huachwa ichemke mpaka rangi iingie ndani ya uzi. Ya kwake niliitoa mapema, rangi ikiwa imeshika juu juu tu. Nikaianika kivulini kama kawaida, nikaisuka vizuri, na kwa macho ilipendeza. Nilijua rangi haitamaliza mwaka dirishani. Aliondoka amekitia begani, akisema, "Nitawaambia ni kazi ya dada yangu."

Barua yake ilikuja kabla mwaka haujaisha. Mistari ilikuwa imepauka. "Wenzangu bado wanakipenda," aliandika. "Nimewaambia jua limefanya jaribio lake bila kutungoja. Usijisumbue, dada, si kosa lako."

Nilimjibu habari za mvua na za shangazi. Hilo la kosa nililiruka.

Tangu hapo nimechemsha katani nyingi, zote mpaka zikaiva, na viondo vilivyotokana nazo vimechukuliwa na watu nisiowajua. Cha kumrudishia mdogo wangu bado sijakisuka. Nadaiwa hicho, na maneno ya kweli ya kukisindikiza.