Sukari Nyuma ya Zizi

Verena Gisler alipokuwa na miaka tisa, theluji ya Novemba iliwafukia mbuzi wao saba. Nyumba nzima ililia. Yeye naye alilia, kisha akachukua fimbo akaenda kupima. Theluji ilimfika magotini tu.

"Baba, theluji kidogo hivi imewezaje?"

Baba yake akamjibu kwamba theluji haiulizwi maswali. Verena hakuridhika. Leo ana miaka sitini na minne, na bado hajaridhika.

Kwa miaka ishirini na miwili, kila asubuhi saa moja, amekuwa akichimba shimo mbele ya nyumba yake na kuipigia simu ofisi ya tahadhari za maporomoko ya theluji kuieleza alichokiona. Mimi ni jirani yake. Nimezoea kumwona amepiga magoti, kioo cha kukuzia jichoni, akichungulia punje za theluji kama mtu aliyedondosha pete. Wapo waliomcheka. Sitaficha, nami nilikuwemo.

Mwaka ninaousimulia theluji ilikuja mapema, Oktoba. Upande wa jua ikayeyuka. Kivulini ikabaki, nyembamba, ikipigwa na baridi wiki tano. Kisha Ijumaa moja ikaanguka mpya, ya kufika magotini, pamoja na upepo.

Kesho yake asubuhi akapita Meinrad, kaka wa Balz, marehemu mume wa Verena. Alikuwa anavuta sleji ya mbao, chombo cha kutelezeshea mizigo juu ya theluji. Kwetu nyasi za miteremko mikali hukatwa kiangazi na kuachwa kibandani huko juu, mpaka theluji ya kwanza ifunike mawe, ndipo zinateremshwa kwa kuteleza. Ukichelewa, theluji inakuzidi. Meinrad hajawahi kuchelewa.

"Shemeji, hilo kaburi lako linasemaje leo?"

"Shwari. Mpya imeshika vizuri."

"Basi niwekee kahawa. Isiwe maji ya kuoshea vyombo kama ya juzi."

"Rudi kwanza, ndiyo ulalamike."

Saa moja na ushei baadaye, Verena alikwenda nyuma ya zizi kuchukua kuni. Jua halifiki pale tangu Oktoba. Mguu wake ukazama ghafla mpaka chini. Mwingine angelaani, akabeba kuni zake akaondoka. Yeye alipiga magoti akafukua. Chini ya theluji mpya akaikuta ile ya Oktoba, imegeuka punje kubwa zinazong'aa. Alipoifinya, ikamwagika katikati ya vidole kama sukari.

"Njoo uone!" akaniita, uso umejaa furaha.

Nilipofika furaha ilikwisha kumtoka. Korongo ambalo Meinrad alipaswa kulivuka lilikuwa kivulini, kama pale pale; theluji mpya ya huko nayo ilikuwa imelalia sukari kama ile, tayari kuporomoka mtu akiikanyaga.

Simu ya Meinrad hukaa kabatini. Verena akakimbilia ndani, akatoka na faneli ya mbao ya kuchujia maziwa, ile ambayo wachungaji huiweka mdomoni kukuza sauti wanapoita sala malishoni jioni za kiangazi. Huko juu Meinrad alikuwa amefika kwenye mwamba ukingoni mwa korongo, robota la nyasi limefungwa kwenye sleji.

"Meinraaad! Usivuke!"

Meinrad akaweka kidole mdomoni. Wazee walitufundisha sote: penye theluji usipaze sauti, itakusikia ishuke. Hata mimi nilimshika mkono.

"Dada Verena, nyamaza! Utamuua!"

"Theluji haina masikio wewe! Inachokijua ni uzito!" Akainua tena faneli. "Tanguliza nyasi! Wewe baki hapo!"

Nadhani Meinrad alitaka tu kelele zikome. Akaisukuma sleji, akaachia kamba.

Ilikwenda hatua kumi. Ukasikika mlio mzito, kama gunia limeangushwa darini, na mteremko mzima ukakatika kuanzia miguuni pake. Vumbi jeupe lilipotulia, nyasi hazikuwepo. Meinrad alikuwa bado amesimama kwenye mwamba. Verena akaketi palepale kwenye theluji akalia kwa sauti.

Meinrad alirudi kwa njia ya msituni, amefura.

"Umeona? Makelele yako yameishusha! Nyasi za mwezi mzima, shemeji!"

Nilitegemea Verena amwambie kwamba amemwokoa. Hakusema hivyo.

"Mimi ndiye niliyekwambia shwari," alisema. "Nilichimba juani, nawe ulikuwa unakwenda kivulini. Ningekuzika kando ya Balz kwa uvivu wa hatua thelathini."

Akamvuta mpaka nyuma ya zizi, akamvua glavu, akamjazia kiganja punje zile.

"Finya."

Meinrad akafinya. Alipofungua mkono, punje zikamwagika. Akachota nyingine, akazikandamiza kwa mikono miwili kama anayetengeneza jibini. Zikamwagika.

Kahawa ilikuwa inapoa ndani. Meinrad, mzee wa miaka sitini na minane, akapiga magoti kwenye theluji na kuinamisha uso mpaka karibu na shimo.

"Shemeji," akauliza taratibu, "mbona haishikani?"