Karani Asiyesikika

Nilikuwa karani wa kituo cha kununulia majani chai, ng'ambo ya Merigi, na mkubwa wangu alikaa Kericho. Muda wote wa majaribio yangu kazini hakuwahi kukanyaga kituoni kwangu. Alinijua kwa redio koli tu, simu ya upepo iliyokuwa kituoni. Kila saa alipiga, nami nijibu, "Niko, ova." Usipojibu, hukuwa kazini. Asiyekuwepo na lake halipo, ndiyo ilikuwa sheria yake kwetu makarani wa mbali. Niliichukia sheria hiyo, lakini nilijibu, kwa sababu Ijumaa ile ndiyo angeamua kama nitaandikwa kazi ya kudumu au nitarudi kwa mama kupalilia mahindi.

Ijumaa yenyewe mvua ilinyesha tangu alfajiri. Lori lilichelewa, na magunia yaliyoning'inia kwenye kulabu yakaanza kupata moto. Joto likizidi, majani yanageuka mekundu na kiwanda kinayakataa. Wakulima walioyaleta walikuwa wakiitazama njia.

Hatimaye lori likaja. Tukalijaza, likateremka kidogo tu likazama kwenye tope. Wakulima wote wakalifuata na majembe.

"Karani, wewe unakaa tu?" mama mmoja akanifokea. "Kuja usukume!"

Nikamwambia redio italia sasa hivi.

"Hiyo retio ndio itasukuma lori?"

Nikateremka, roho mkononi. Tulikata matawi, tukayasukumiza chini ya magurudumu, tukasukuma mpaka tope likatuingia mdomoni. Huko juu nikaisikia redio ikiniita. Ikaita tena. Bega langu lilikuwa kwenye bodi ya lori. Ningeachia, lingewarudia kina mama waliokuwa nyuma yake. Sikuachia.

Lori liliponasuka nilipanda mbio. "Niko, ova! Mkubwa, niko!" Niliita hadi sauti ikanikauka, na hofu ikanishika kweli kweli.

Alipiga jioni.

"Majani yako imefika. Ni mzuri sana."

Nikashusha pumzi, nikacheka peke yangu kama mjinga.

"Sasa Jumatatu utapatia karani mwingine ufunguo. Hatuwezi kuandika mtu hakuwangi kazini. Ova."

Nilibonyeza kitufe nimweleze ni kina nani waliolisukuma lile lori. Alikuwa ameshafunga redio.