Maombi ya Mzee Bisimwa Yaliniangusha Mimi

Naona aibu hata kuandika haya, lakini wengi wa kanisani kwetu walikuwepo, na nikinyamaza watawasimulia wao na kutia chumvi, kwa hiyo bora mlisikie kwangu. Mimi ndiye yule mwanamke aliyeanguka kwenye ukumbi wa kanisa Shard End, hapa Uingereza, akafunikwa kitenge, akaimbiwa nyimbo tatu, na kwa zile mbili za mwisho akili zake zilikuwa timamu kabisa.

Mambo yalianza na karatasi moja. Kanisa letu na kanisa moja la Waingereza yana timu ya madaktari na manesi ambao kila mwaka huenda wiki mbili kutibu watu kwenye zahanati ya misheni kule kwetu, Kivu ya Kusini, na mwaka huu walitaka mkalimani, wakanichagua mimi, Zawadi, niliyeacha shule darasa la sita baba na mama walipofariki nikabaki na wadogo watatu wa kulea. (Wote wamesoma kunishinda, na wa mwisho, Furaha, ni nesi na yumo kwenye timu hiyo hiyo.) Msiniulize nilivyofurahi. Nilijiona nimesimama katikati ya madaktari, na mgonjwa hawezi hata kuambiwa afungue mdomo mpaka niufungue wangu kwanza. Sasa kwenye fomu ya safari kulikuwa na swali: una kisukari, presha, au ugonjwa wa moyo?

Nina kisukari. Nilikuwa nacho mwaka wa pili, nameza vidonge, na aliyejua ni daktari wangu na Mungu tu, kwa sababu nyumbani kwetu mkubwa haugui, akiugua yeye nani atawaangalia wadogo (ingawa hao wadogo siku hizi wana ndevu na watoto, na Furaha anaendesha gari lake mwenyewe). Niliogopa nikisema ukweli wataniacha. Nikaweka alama kwenye hapana. Alama yenyewe ndogo hivi, hata wino haikumaliza.

Wiki sita kabla ya safari, Pasta akatangaza siku tatu za kufunga na kuombea safari, mpaka saa kumi na mbili jioni, na akasema wazi kabisa kwamba wanaotumia dawa wasifunge, Mungu hana haja na njaa yao. Mlango ulikuwa wazi pale. Lakini nikipita kwenye huo mlango mtu ataniuliza, Zawadi, wewe unatumia dawa gani? Basi nikafunga. Na siku ya tatu ya mfungo, Jumamosi, ndiyo ilikuwa siku ya majaribio ya timu: walifungua ukumbi, wakawaita watu wa mtaani waje kupimwa bure, ili sisi tujifunze kazi kabla ya kuondoka. Meza ya kwanza ya kupima, ambako alikaa Furaha. Meza ya pili ya Daktari Helen, kiongozi wa timu. Halafu pembeni kona ya maombi kwa anayetaka kuombewa.

Nilimeza kidonge changu asubuhi kwa maji, nikasimama kwenye meza ya Daktari Helen, na nilitafsiri siku hiyo kama mtu aliyezaliwa hospitalini. Wazee wenye kisukari walikuwa wengi, na kila mmoja nilimwambia kwa sauti ya mamlaka, huku nimeinua kidole, "Daktari anasema, vidonge vya sukari humezi na tumbo tupu. Kula kwanza. Umenielewa?" Mzee Bisimwa, ambaye ana kisukari na magoti mabovu, nilimrudisha kitini arudie maneno hayo mbele yangu kama mtoto wa shule. Kufikia saa saba mikono ilikuwa inanitetemeka. Nikasema ni furaha ya utumishi.

Hapo wakaniita kona ya maombi. Kulikuwa na Bi Margaret, mama wa Kiingereza mpole sana wa kanisa lile lingine, anayeombea watu kwa sauti ya chini utadhani anaomba chumvi mezani, na mbele yake yuko Mzee Bisimwa na magoti yake, na nyuma ya Mzee amesimama Kaka Bahati, kwa sababu kwetu anayeombewa akianguka lazima pawepo mtu wa kumdaka. Mama Rachel naye yuko tayari na kitenge cha kufunika miguu ya wanawake. Bi Margaret anasema sentensi moja, mimi naitafsiri. "Bwana, mwangalie mtumishi wako." Nikatafsiri. "Mguse magoti." Nikatafsiri. "Mtie nguvu asimame imara." Nikasema, "Mtie nguvu asimame..." na sakafu ikaja juu.

Mzee Bisimwa alibaki amesimama vizuri tu. Kaka Bahati alirukia upande wangu akanidaka bega moja, mwili wote uliobaki ukafika chini. Nilipozinduka nilisikia tayari wako wimbo wa pili, kitenge kiko juu yangu mpaka kidevuni, na Bi Margaret anarudia kwa Kiingereza, karibu kulia, kwamba yeye hakunigusa, jamani hakunigusa kabisa. Na sauti ya Mzee Bisimwa, yenye uchungu wa kweli:

"Maombi yangu ameyachukua yeye."

"Tulia, Mzee," Mama Rachel akamwambia, "yatakufikia na wewe."

Ningeweza kusema wakati ule. Kinywa kilikuwa kizito lakini kilifanya kazi. Nilichofikiri, nikiwa pale chini nimelowa jasho, ni hiki: wakijua ni sukari, safari imekwisha, wakidhani ni Roho, nitainuka baada ya muda, nitafuta uso, na watu wataniheshimu zaidi. Nikafumba macho. (Nilimwomba Mungu msamaha kimoyomoyo kwa kumsingizia, na nikamwomba pia awaharakishe na ule wimbo.) Wakaanza mwingine.

Furaha alitoka mbio kwenye meza yake na mashine ya kupima sukari mkononi. Mama Rachel akanyoosha mkono.

"Usimguse, mtoto wangu. Bwana bado anafanya kazi."

"Mama Rachel, huyu dada yangu namjua. Katika maombi huwa yeye ndiye anayedaka wengine. Na tazama anavyotoka jasho, Bwana wa wapi huyo anayefanya kazi kwa jasho la mtu?"

"Vraiment, kweli kabisa, Furaha, usikufuru."

"Naomba nipite, mama, nitakufuru baadaye."

Akapiga magoti, akauvuta mkono wangu kutoka chini ya kitenge, na mimi nikaurudisha ndani. Akauvuta tena. Tukavutana hivyo mbele ya watu (mtu aliyezimia, mnielewe, anavutana mkono na nesi) mpaka akanichoma kidole. Mashine ikalia. Wimbo ukafa wenyewe.

"Mbili nukta saba, imeshuka mno," Furaha akasema. Halafu kwa sauti nyingine, ambayo sijaisikia tangu akiwa mdogo: "Dada, umemeza nini?"

Nikafungua macho. Hapakuwa na kingine cha kusema. "Vidonge vya sukari."

"Vya nani?"

"Vyangu."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu."

Alinitilia juisi mdomoni, halafu akasema, "Umenisomesha unesi kwa kuosha vyoo vya watu, nikapata kazi ya kupima sukari za watu baki siku nzima, na ya kwako unanificha. Ungekufa hapa tukiimba." Na akalia, na mimi nikalia, na juisi ikanipalia.

Pasta alikuja akanisaidia kukaa, akawaambia watu warudi kwenye foleni. Mzee Bisimwa hakurudi. Aliinama kidogo, akiegemea fimbo.

"Donc, yaani, mama mkalimani," akasema, "si wewe uliyeniinulia kidole asubuhi?"

"Ni mimi, Mzee."

"Basi rudia. Daktari anasema nini?"

Nikarudia, mbele ya ukumbi mzima, nimekaa sakafuni na kitenge cha Mama Rachel mabegani. Hata Kaka Bahati alicheka.

Jumatatu Daktari Helen alinipigia simu, na kilichoniuma hakikuwa hasira, kwa sababu hakukasirika. Alisema wenye kisukari wameshakwenda nao mara nyingi, hata fundi wao wa maji anacho, ila bima ya safari inataka barua ya daktari kwamba mgonjwa ametulia miezi mitatu. Ningesema mwanzoni, barua ingekuwa imekwisha tayari. Wakaondoka bila mimi. Niliwasindikiza mpaka uwanja wa ndege, nikambebea Furaha begi, nikarudi.

Wiki yao ya pili kule nilikuwa kwenye basi Stratford Road, hapa Sparkhill, limejaa mpaka mlangoni, simu ikalia: Daktari Helen, kwa video. Mkalimani waliyempata kule ameshikwa na malaria, na mbele ya daktari yuko mama mgonjwa. Naweza kusaidia dakika chache? Nikasaidia. Mtandao ulikuwa mbaya, kwa hiyo ilibidi nimuulize yule mama kwa kupaza sauti anaharisha mara ngapi kwa siku na choo ni cha namna gani, na yeye akanijibu kwa kirefu. Kisha akataka kuombewa, nikatafsiri maombi pia, nimekamata nguzo ya basi kwa nguvu zote.

"Amina," akasema yule mama. "Na wewe mwenye sauti, mbona hukuja na wenzako?"

"Nina kisukari, mama. Nilikificha, ndiyo maana nimebaki."

Nimeapa sitamficha tena mtu ugonjwa wangu, awe daktari, awe pasta, awe mdogo niliyemlea, na kiapo hicho nilianza kukitimiza palepale, kwa sababu nilipozima simu dada mmoja Mkenya aliyekaa nyuma yangu, ambaye alikuwa amesikia kila kitu, na kuharisha pia, alinigusa bega.

"Pole, dada. Hiyo sukari yako unatumia vidonge ama sindano?"

Nikageuka nikamwambia vidonge, asubuhi na jioni, na nikamsogelea tuzungumze.