Vitambaa vya Dunguni

Bibi yangu Mwajabu hakuwahi kumwachia mtu mtoto. Alizaa saba, na wote saba aliwabeba mgongoni, shambani, kisimani, hata maziko­ni. Alipougua homa majirani walimsihi wampokee kichanga kwa muda mfupi tu, akakataa. Nilipokuwa kijana nilimcheka kwa hilo. Nikamwambia, "Bibi, siku hizi Serikali inafundisha walezi. Wana masomo yao na vyeti vyao." Akasema, "Bibi yangu mimi naye alikuwa na cheti." Kisha akanihadithia, kama alivyohadithiwa na mama yake, na tangu siku hiyo sikumcheka tena.

Bibi yake huyo aliitwa Mwanamina. Alizaliwa Kiongoroni, kule mto unakoingia baharini, katika watu wa kukata mikoko, akaolewa huku bondeni kwa wakulima wa mpunga. Mumewe alipofariki, na kiuno kikamkatalia kuinama, wanawake wa kijiji walimpa kazi ya dunguni. Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba, mtu hukipanda kwa ngazi, na hasa ni cha kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, na kuwaona nguruwe kabla hawajaumaliza. Kwetu lilikuwa pia mahali pa kulelea. Kina mama walilima chini, na watoto walishinda juu na Mwanamina.

Shamba la bondeni ni pana, na mwenye jembe hawezi kusikia kila mtoto anayelia. Kwa hiyo kila mama aliacha dunguni kipande cha nguo yake kuukuu. Mtoto akitaka ziwa, Mwanamina alitundika kipande cha mama yake kwenye ukingo wa dungu, na mama akikiona aliacha jembe akaja. Kipande cha Biasha, binti yake, ambaye ndiye aliyemzaa Mwajabu, kilikuwa cha merikani iliyochovywa katika maji ya magome ya mkoko, chekundu cha kutu. Sharti lilikuwa moja tu: kitambaa hakitundikwi bure. Hakitundikwi kwa porojo, wala kwa mgeni aliyefika, wala kwa jumbe anayetafuta watu wa kazi. Kikionekana, ni mtoto anaita. Wanawake walikuja mbio bila kuuliza, kwa sababu kwa miaka yote hiyo Mwanamina hakuwaita hata mara moja kwa uongo.

Kisha ikaja pamba. Serikali ya Wajerumani iliitaka, na kila kijiji kililazimishwa kulima shamba la pamoja, wanaume kwa wanawake. Msimamizi wetu alikuwa Akida Sadala, mtu wa pwani, nadhifu, hodari wa kusoma Kurani, na hodari vilevile wa kuchapa watu viboko. Kilichomkera ni wanawake wenye vichanga. Walikuja shambani wamechelewa, wakaondoka mapema, na kila mara wapo njiani kwenda dunguni.

Siku moja akaja bila kiboko. Aliketi mkekani kwa Mwanamina, akakubali maji ya kunywa, akasema, "Bi Mwanamina, Serikali imewaonea huruma watoto. Inataka walelewe vizuri kuliko hivi. Dungu litajengwa upya, uji utatolewa, na sabuni. Nawe utakwenda kufundishwa."

"Nifundishwe nini, Bwana Akida? Nimelea nusu ya kijiji hiki."

"Ndiyo maana nimekuja kwako, mama yangu."

Neno hilo lilimwingia. Alikwenda karibu na boma la Serikali akakaa mwezi mzima, yeye na walezi wengine wa vijiji vya jirani, wakifundishwa na mama wa Kizungu aliyevaa nguo nyeupe. Walifundishwa kuchemsha maji, kunawa kabla ya kumlisha mtoto, na kutomtafunia chakula. Nisiwe mtovu wa shukrani: mafunzo yalikuwa mazuri. Mwaka ule watoto wa dunguni hawakuharisha kama zamani, na hakuzikwa hata mmoja. Mwanamina aliyapenda mafunzo yale kwa moyo wake wote, na mpaka leo hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mama yule wa Kizungu hakuwa na majivuno. Siku ya mwisho aliuliza kupitia karani, Miraji, "Na ninyi kwenu mnafanyaje? Mtoto akilia na mama yuko mbali?" Walezi wengine waliona haya. Mwanamina akasimama. Akaeleza vitambaa vyote, na sharti lake, na jinsi mama anavyokuja mbio bila kuuliza. Alieleza kwa fahari, mikono ikionyesha namna ya kutundika. Yule mama alifurahi akampigia makofi. Miraji aliandika kila neno. Siku ileile Mwanamina alipewa cheti chenye mhuri, akarudi nacho kijijini kimekunjwa ndani ya upindo wa kaniki yake, na Akida Sadala akawa wa kwanza kumpongeza.

Pamba ilipokuwa tayari kuchumwa, vita vikaanza. Wanaume wetu walikunywa maji ya dawa na kunyunyiziwa, wakaambiwa kwamba risasi zitageuka maji, wakaaga wake zao. Huseni, mume wa Biasha, alikuwa miongoni mwao. Waling'oa mipamba, wakachoma nyumba ya akida, wakaingia msituni. Askari walifika mchana, Sadala akiwaongoza, wanawake wakiwa shambani na watoto wakiwa dunguni. Walifika dunguni kwanza. Wanawake hawakuwa na njia ila kuvuka mkono wa mto, ambao wakati huo wa kiangazi maji yake ni ya magoti, na kujificha katika matete ya upande wa pili.

Hawakwenda mbali. Nani angekwenda mbali? Kutoka ndani ya matete waliliona dungu, na dunguni walikuwemo watoto wao tisa.

Siku mbili Mwanamina aliwanywesha uji mwembamba. Wakubwa walikunywa. Wadogo waliutema wakalia mpaka sauti zikawakauka. Mwajabu alikuwa hajatimiza mwaka. Vitambaa vyote tisa vilikuwa ndani ya kikapu, na Mwanamina hakugusa hata kimoja, kwa sababu askari walikuwa chini ya ngazi.

Siku ya tatu asubuhi Sadala akapanda ngazi mwenyewe. Alimchukua Mwajabu, akampakata, akatikisa kichwa.

"Huyu atakufa, Bi Mwanamina. Ulifundishwa nini? Mtoto akae muda gani bila ziwa?"

"Waondoe askari wako, mama zao watakuja."

"Nimekwisha kuwaondoa. Tazama." Kweli, chini hapakuwa na mtu. "Serikali haigombani na mwanamke anayenyonyesha. Ingekuwa inawachukia watoto hawa, ingeleta sabuni? Ingekufundisha? Watundikie mama zao. Waje, wanyonyeshe. Wallahi nakuapia, hakuna atakayewagusa wakiwa na watoto wao."

Mwanamina alimtazama mtu aliyekunywa maji yake na kumwita mama. Akamtazama mjukuu wake. Akafungua kikapu.

Alitundika vyote tisa, kimoja kimoja. Cha Biasha alikitundika mwisho. Matete yakatikisika. Biasha akatoka wa kwanza, akavuka maji mbio, na nyuma yake wengine wote, bila kuuliza, kama ilivyokuwa siku zote. Walipanda ngazi, wakaketi wakanyonyesha, na kwa kitambo dungu zima likawa kimya. Biasha alisema, "Ahsante, mama. Nilijua hutaniita bure."

Askari waliacha watoto washibe. Walikuwa wamelala chini ya marundo ya pamba iliyong'olewa, hatua chache tu. Kisha wakatoka na kamba. Wanawake waliteremshwa mmoja mmoja, kila mmoja akimrudisha mtoto mikononi mwa Mwanamina, wakafungwa shingo kwa shingo.

Mwanamina alimshika Sadala kanzu. "Uliapa!"

"Niliapa hawataguswa wakiwa na watoto," alisema, akiitoa kanzu mikononi mwa Mwanamina. "Watoto si unao wewe? Wanaume wao wakijisalimisha, watarudi."

Wanaume hawakujisalimisha. Huseni aliuawa kwa risasi mwezi uleule. Wanawake walipelekwa mbali kubeba mizigo ya askari, na baada ya miaka miwili wakarudi wanne. Biasha alikuwa mmoja wao. Alimkuta Mwajabu anatembea, anasema, na anajificha nyuma ya bibi yake asimsogelee mgeni.

Mwanamina alileta kile kitambaa chekundu, amekifua na kukikunja. "Sikujua, mwanangu," alisema.

"Najua hukujua, mama," Biasha akajibu. "Lakini Sadala alijuaje?"

 Cheti Mwanamina alikuwa amekwisha kukichoma, lakini maneno aliyosema mbele ya Miraji angeyachoma vipi? Biasha alichukua kitambaa, akamchukua mtoto akipiga kelele, akamfunga mgongoni. Hakumtusi mama yake, na hakumpelekea mtoto tena. Wala mwanamke mwingine yeyote wa bonde lile hakumpelekea.

Mwanamina alibaki dunguni akiamia ndege tu. Kila siku jua likielekea kuzama Biasha alimpelekea chakula, akakiweka chini ya ngazi, akaita, akaondoka. Miaka mitano ikapita hivyo.

Mwaka wa sita, wakati wa palizi, Mwajabu aliinua kichwa shambani akaona kitu cheusi kimetundikwa kwenye ukingo wa dungu. Kilikuwa kaniki ya bibi yake. Akamvuta mama yake nguo. "Mama, Bibi anaita."

Biasha alikwisha kukiona. Wanawake wote shambani walikuwa wamekiona, na majembe yalikuwa yamesimama. Hakuna aliyesogea.

"Lima," Biasha alisema. "Usitazame huko."

Wakalima. Kaniki ilipepea mpaka jua likaelekea kuzama. Walipokwenda na chakula, Biasha aliita mara mbili, kisha akapanda ngazi kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kamba. Mwanamina alikuwa amelala ukingoni, hana pumzi, mkono mmoja bado umeshika ncha ya kaniki, na mwili wake bado una joto.